Moto Upimwe Penye Mpishi

Historia ya sayansi ya moto mara nyingi huanzia maabara za Ulaya. Mimi naianzia jikoni, Laikipia nchini Kenya. Huko Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Hawakuridhika na wastani wa siku. Walifuatilia nani yuko karibu na moto, na kwa muda gani. Ikaonekana wanawake, ambao ndio wapishi, huvuta moshi mwingi kuliko wanaume wa nyumba hiyohiyo.

Kwetu Kampala wengi hupikia sigiri. Mkaa una moshi mchache, lakini ukikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka. Hivyo, jiko lisisifiwe kwa kuokoa mkaa tu. Tuulize pia mpishi anavuta nini.