Shujaa Akifa, Nani Hushika Upinde? Mrithi katika Mighani, Vitabu vya Katuni na Filamu za Katuni

Mwalimu mwenzangu, fungua daftari la mtahiniwa yeyote aliyejibu swali la mighani. Utakuta sifa zimeorodheshwa vizuri: shujaa ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri ya udhaifu wake, husalitiwa na mtu wa karibu, hufa kifo cha ajabu. Hapo kalamu huwekwa chini. Ni nadra mtahiniwa kuuliza nani alishika mahali pa shujaa. Ajabu ni kwamba mtoto yuyo huyo, akiwa darasani Watamu au Gede, aghalabu anaweza kukusimulia bila kusita jinsi Miles Morales alivyopokea kazi ya Spider-Man baada ya Peter Parker kufa. Suala la mrithi analijua. Hajaambiwa tu kwamba ni suala la fasihi, na kwamba pwani yake ina historia ndefu nalo.

Tuanze na mwaka 1913. Kule Lamu, Muhamadi Kijumwa aliandika Utendi wa Fumo Liyongo. Huku kwa Wagiriama, Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka na ngoma ya kifudu, akiwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza kodi wala vijana wa kuwafanyia kazi. Mambo haya mawili hayakuhusiana, lakini kila moja lina jibu lake kuhusu urithi wa ushujaa.

Jibu la Liyongo ni chungu. Mwanawe wa kumzaa anaahidiwa makuu na mfalme wa Pate, anaipeleleza siri ya babake, kisha anamdunga kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti, mshale u upindeni, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Mwana hafaidi ahadi ile, wala ushujaa wa baba haumwingii. Tuna mrithi wa damu asiyerithi kitu. Masimulizi ya nathari aliyoyachapisha Edward Steere mnamo 1870 yana kiini hicho hicho. Usishangae darasa likinyamaza unapofika hapo. Katika Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine kwa mikono ya jamaa zao wenyewe wenye tamaa ya ardhi, habari ya mwana aliyemuua babake kwa ahadi si ya kale.

Sasa mchukue Liyongo umtie katika kitabu cha katuni kinachotoka kila mwezi. Sindano ya shaba italazimika kumkosa! Akifa, mwezi ujao hakuna cha kuuza. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, si shujaa hata kidogo, lakini aliishi chini ya kanuni hiyo: hakuzeeka wala hakumwachia mtu nafasi yake. Huko Marekani wachapishaji wamejaribu kuivunja kanuni, na kila wakijaribu huirudia. Barry Allen, aliyeitwa Flash kwa mbio zake, aliuawa mwaka 1985, na kijana aliyekuwa msaidizi wake, Wally West, akachukua jina hilo. Wasomaji walikua na Wally kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2008 Barry akarudishwa. Miles naye alitokea mwaka 2011, baada ya Peter wa mfululizo ule kufa. Kufikia 2014 Peter huyo alionekana tena yu hai. Na mfululizo ulipofungwa mwaka 2015, Miles alihamishiwa ulimwengu ambao Peter mwingine, mtu mzima, bado anafanya kazi ile ile chini ya jina lile lile. Mrithi akageuzwa mdogo wa mtu asiyeondoka.

Ikumbukwe kwamba kosa hapa si la mchoro. Kitabu cha katuni kilichokamilika chenyewe chaweza kumzika shujaa vizuri kama utendi. Kinachomnyima mrithi haki yake ni mfululizo usiotaka kwisha.

Filamu za katuni zimempa mrithi nafasi pana zaidi, ingawa si kila mara. Katika Justice League ya 2001 Wally anatokea akiwa tayari ndiye Flash, na urithi wenyewe umerukwa. Lakini tazama Batman Beyond, iliyoanza mwaka 1999. Batman aghalabu alikuwa kijana vitabuni kwa miaka sitini. Hapa Bruce Wayne ni mzee mwenye mkongojo, mwili umemkataa, na anamwelekeza Terry McGinnis kwa sauti tu. Nalipenda sana jambo hili: mzee anayeachwa azeeke, na uzee wake ukawa na kazi. Filamu ya Miles ya mwaka 2018, iliyotuzwa Oscar mwaka uliofuata, ilifanya jambo la namna hiyo. Peter wa mji wa Miles anakufa mapema na harudi. Peter mwingine, mchovu, anakuja kutoka ulimwengu mwingine, anafundisha, kisha anarudi kwao. Yamkini utanipinga kwamba filamu ya pili, ya 2023, ilikatiza kisa njiani. Ni kweli, filamu nazo zimeanza kuugua maradhi ya mfululizo.

Jibu la Mekatilili ni la aina nyingine kabisa. Kabla yake, Wagiriama husimulia habari za Mepoho, mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama katani na kuharibika kwa mila, kisha akadidimia ardhini. Mepoho hakumwachia mtu upinde wala nguvu za mwili. Aliacha neno. Mekatilili alilichukua neno hilo akalifanya kiapo. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi kwa miguu, akakamatwa tena, na hatimaye akarejea kwao mwaka 1919. Hakuna sindano wala kitovu katika kisa hiki, ndiyo maana watahiniwa wengi hushindwa kukiita mighani.

Wapeleke wanafunzi wako wa Watamu hadi Malindi, mwendo mfupi kwa matatu, wakaione sanamu ya Mekatilili. Amesimama peke yake. Sanamu, kama picha moja ya katuni, haina mahali pa kumweka Mepoho. Atakayemtaka itambidi amtafute kwa mzee anayesimulia. Kisha wape swali hili: Je, kisa hiki kingechorwa au kutengenezewa filamu, Mepoho angebaki ardhini?

Anayemaliza mapema mwongezee la pili. Shujaa wetu alizaliwa akiitwa Mnyazi. Jina tunalomwitia, Mekatilili, maana yake ni mama yake Katilili. Mwanawe yumo ndani ya jina la ushujaa la mamake, na masimulizi yetu hayana la kusema juu yake. Aandike kisa cha Katilili.