Mtoto na Mtambo: Funzo la Mashimo ya Makaa

Kila mwaka taarifa hii huonyesha hesabu ya fedha zetu. Yafaa tutazame pia hesabu ya roho za watoto waliotwishwa kazi isiyo yao.

Mwaka wa 1840, kwa juhudi za Lord Ashley, Uingereza iliunda tume ya kuchunguza kazi za watoto. Taarifa ya migodi ilitoka mwaka wa 1842. Watoto wadogo waliketi gizani wakifungua milango ili vigari vya makaa ya mawe vipite. Waliowazidi umri kidogo walivivuta na kuvisukuma. Wako waliokanyagwa na vigari hivyo wakafa.

Huko Oldham, mtambo wa kuwapandisha watu kutoka shimoni ulikabidhiwa mtoto. Ilimpasa kuusimamisha mara watu wafikapo kinywani mwa shimo. Akichelewa, kamba huwavuta hadi kwenye kapi lililo juu, wakatupwa. Katika mgodi wa Chamber Lane mtoto wa miaka 9 aligeuka kumtazama panya, na wavulana 3 au 4 wakafa.

Je, tumlaumu mtoto huyo? Hasha! Kumtazama panya ni tabia ya umri wake. Lawama ni ya aliyemkabidhi roho za watu kwa sababu ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa mtu mzima.

Mwaka ule ule wa 1842 sheria iliwakataza wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi; na mtambo wa kupandishia watu usishikwe na aliye chini ya miaka 15. Kisha sheria ya ukaguzi wa migodi ya makaa ikafuata mwaka wa 1850.

Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, imekataza mtoto wa miaka 13 hadi 16 kuajiriwa kuangalia mitambo viwandani, isipokuwa mwanagenzi mwenye mkataba. Tena mtoto asifanye kazi migodini. Nasi wa Kibarani, penye reli na malori ya Makupa, tunakumbuka watoto waliookota vyuma chakavu siku za jaa la taka. Basi mwanachama atakayemwona mtoto amewekwa penye mashini, au akipakua lori, asipite kimya. Aseme na mwenye kazi kwa adabu, kisha alete habari kwa Kamati.