Chang'aa: Kwa nini Kenya ilifuta marufuku yake

Mkazi wa Kibamba hahitaji kuelezwa gongo ni nini. Anajua ni haramu, na pengine anajua inauzwa nyumba gani. Kenya waliishi hivyo hivyo na chang'aa, ndugu yake gongo, kwa miaka 30, mpaka wakaifuta sheria yenyewe.

Marufuku ya chang'aa iliwekwa mwaka 1980, enzi za Rais Daniel arap Moi. Kuipika, kuiuza, hata kukutwa nayo lilikuwa kosa.

Shida ni kwamba pombe hii haihitaji kiwanda. Nafaka au sukari guru, pipa, moto na bomba la kupitishia mvuke, basi. Wapishi wengi walikuwa kina mama wa mitaa ya kipato cha chini, na hela hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba na ada ya shule. Mteja naye bia ya chupa haiwezi bei. Askari wakija, kuna anayekamatwa na kuna anayetoa "kitu kidogo", kesho jiko linawaka tena.

Balaa lenyewe lilikuwa ndani ya glasi. Kitu cha haramu hakuna anayekipima. Baadhi ya wauzaji wakaongeza methanoli, kemikali ya viwandani, ili kinywaji kiwe kikali. Methanoli hupofusha na kuua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wakiwa wa mitaa ya Mukuru. Mwaka 2005 wakafa karibu 50 Machakos. Yote hayo chang'aa ikiwa marufuku.

Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, maarufu kama "Sheria ya Mututho", kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho. Ikaruhusu chang'aa, mradi mtengenezaji awe na leseni na aiuze kwenye chupa ya kioo.

Sasa mama wa mtaani atoe wapi mtaji wa leseni na chupa? Wengi walibaki kule kule kwa kujificha. Mei 2014 methanoli ikaua tena makumi ya watu, wakiwemo wa Embu na Kiambu.

Kwa Tanzania, sheria ya mwaka 1966 inayokataza kupika gongo bila leseni bado ipo.