Siku za kwanza za taji: kutoka London hadi njia panda ya Makambako

Desemba 10, 2025 ilitimia miaka 20 tangu Nancy Sumari aingie sita bora ya Miss World mjini Sanya, China, na kutangazwa Miss World Afrika. Taji la dunia lilikwenda kwa Unnur Birna Vilhjálmsdóttir wa Iceland, lakini kwa Tanzania nafasi ile ilikuwa ushindi tosha. Kabla ya Nancy hakuna Mtanzania aliyefika pale, na tangu siku hiyo hakuna aliyefika tena.

Kumbukumbu za namna hii huja na picha zilezile: gauni, utepe, machozi ya furaha. Kinachosahaulika ni yanayofuata taa za ukumbi zikizimwa. Mrembo akivishwa taji usiku wa Jumamosi, Jumatatu anaamkia kazi gani? Swali hilo lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na linaihusu mikoa iliyo mbali na majukwaa, Njombe ikiwemo.

Ratiba ya siku za kwanza imezoeleka. Kuna mzunguko wa redio na televisheni, ambako mshindi huulizwa alijisikiaje jina lake lilipotajwa. Kuna kwenda kujitambulisha kwa waziri mwenye dhamana ya utamaduni na kwa viongozi wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Halafu kuna kituo cha kulelea yatima au wodi ya wazazi: katoni za sabuni, sukari, mafuta ya kula na khanga zinapangwa mezani, utepe unanyooshwa begani, picha ya pamoja inapigwa, msafara unaondoka. Safari ya Miss World ikiwadia, anakabidhiwa bendera ya taifa.

Sehemu ya huduma katika ratiba hiyo haikuzaliwa Dar es Salaam. Eric Morley alipoanzisha Miss World mjini London mwaka 1951, lilikuwa shindano la mavazi ya kuogelea. Mwaka 1972 mkewe, Julia Morley, akaanzisha mpango wa urembo wenye malengo, ambao baadaye ulipata tuzo yake yenyewe, mshiriki akipimwa kwa mradi anaouendesha katika jamii yake. Mwaka huo wa 1972 Tanzania haikuwa na mrembo wa kupeleka popote. Ilikuwa imekwisha kulifunga jukwaa.

Theresa Shayo alitawazwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Novemba alikuwa London kwenye Miss World, shindano lililochukuliwa na Madeline Hartog-Bel wa Peru. Hakupata mrithi. Mashindano yalipigwa marufuku kwa hoja kwamba yanakwenda kinyume na utamaduni wa Mtanzania, na jukwaa likakaa kimya hadi mwaka 1994.

Marufuku hiyo haieleweki bila ugomvi uliokuwa ukitokota mitaani miaka ile. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameuandika kwa kirefu katika kitabu chake Cultured States, kilichotoka mwaka 2011, na anayekisoma leo atashangaa jinsi hoja za ugomvi huo zilivyo hai bado. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio kwamba kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana zisionekane tena. Kazi hiyo ikapewa jina la Operesheni Vijana. Wapo ambao hawakungoja Januari. Siku chache tu baada ya tangazo, vikundi vya vijana vilianza kuwavamia wanawake eneo la Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, hadi polisi wakaitwa kuwatawanya.

Barua zilimiminika magazetini. Waliounga mkono walizungumzia heshima ya mwanamke wa Kiafrika na mabaki ya ukoloni. Hoja zao hazikutoka hewani: tangu Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi wanajua kucheza rumba na twisti lakini hawaijui ngoma ya Gombe Sugu. Waliopinga nao walikuwa na maswali yasiyojibika kirahisi. Kama vazi la kigeni ndilo tatizo, mbona suti na tai za wanaume hazikuguswa? Na utamaduni upi hasa unaolindwa, wakati serikali hiyohiyo ilikuwa na kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi ya asili na kuwavisha suruali? Mjini msichana alilaumiwa kwa kuacha asili, na kule mbugani Mmasai akalaumiwa kwa kuishikilia.

Ivaska anaona kwamba sketi ilibeba hofu nyingine kubwa zaidi: msichana aliyekuja mjini, akapata kazi ya ofisini, akawa na mshahara wake na kuamua atoke na nani. Vijana wa kiume waliokosa kazi walimwona kila siku akipita. Maelezo hayo yana nguvu, na yanaonyesha pengo lililokuja kuligharimu taji kwa miaka mingi. Katika kelele zote zile, mrembo alijadiliwa kama nguo. Waliomtetea walitetea haki ya kuvaa, waliompinga walipinga alichovaa. Mjadala juu ya kile ambacho msichana mwenye sauti na jina angeweza kulifanyia taifa lililotangaza kujitegemea haukupata nafasi.

Njombe ya wakati huo, ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa, ingeweza kutoa jibu. Kwa miongo kadhaa wanaume wa Kibena walikuwa wakisombwa kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na waliobaki na jembe, watoto na baridi ya milima ile walikuwa wanawake. Mwanamke anayetegemewa hakuwa jambo geni huko. Mwaka 1975, wakati jukwaa la urembo likiwa bado limefungwa, binti wa Njombe, Anne Makinda, aliingia bungeni akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, huku akiwa mbunge wa Njombe Kusini. Alipanda kwa ngazi nyingine kabisa, ngazi ambayo kila siku ilimdai hesabu ya kazi aliyoifanya.

Mwaka 1994 taji lilirudi, Hashim Lundenga akiwa mbele na kampuni yake ya Lino, na Aina Maeda akawa mrembo wa kwanza wa zama mpya. Ukafuata mfumo uliojulikana kila kona: vitongoji, mkoa, kanda, taifa. Msichana wa Makambako aliyelitamani taji alikuwa na mlima mrefu kuliko mwenzake wa Kinondoni. Mkoa wake hadi mwaka 2012 ulikuwa Iringa, kanda yake ni Nyanda za Juu Kusini, na fainali iko Dar es Salaam. Wasichana walikwenda. Ni haki kuuliza ni kipi kilichorudi kwa njia ileile.

Jibu la haki ni kwamba warembo kadhaa walifanya kazi kubwa, na ya baadhi yao imeyazidi mataji waliyovaa. Jacqueline Ntuyabaliwe, mshindi wa 2000, amepeleka maktaba katika shule za msingi. Happiness Magese wa 2001 alisimama mbele ya umma na kuutaja ugonjwa wa endometriosisi, uliomtesa tangu ujana, wakati wanawake wengi waliambiwa kwamba maumivu makali ya hedhi ni sehemu ya kuwa mwanamke. Faraja Kotta wa 2004 alianzisha Shule Direct, inayomfikishia mwanafunzi wa sekondari masomo kwa intaneti. Nancy mwenyewe ameandika kitabu cha watoto, Nyota Yako. Jokate Mwegelo, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa juu mwaka 2006, alipoteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2018 aliendesha kampeni ya Tokomeza Zero, dhidi ya kufeli mitihani, na shule ya sekondari ya wasichana ikajengwa.

Ukiziangalia kazi hizo, nyingi zilikomaa miaka kadhaa baada ya mwaka wa taji. Ziliendeshwa na ukaidi wa mtu mmoja mmoja, kila mmoja akitafuta njia na fedha zake. Mwaka wenyewe, ule ambao kamera zote zinamfuata mrembo, uliishia kwenye ziara fupi na matangazo ya wadhamini.

Wapo waliovunja mtindo huo. Brigitte Alfred, mshindi wa 2012, aliwachukua watoto wenye ualbino kuwa mradi wake, na bweni likajengwa Buhangija, Shinyanga, kipindi ambacho watoto hao walikuwa wakiwindwa. Diana Edward, binti wa Kimasai aliyeshinda mwaka 2016, alirudi kwa watu wake na kampeni ya Dondosha Wembe, dhidi ya ukeketaji. Hapo ndipo ugomvi wa 1968 ulipopata jibu lake bora. Jamii iliyoambiwa vazi lake ni aibu ya taifa ilitoa mrembo wa taifa, naye akarudi nyumbani kuzungumza na kinamama na mangariba kwa lugha yao, juu ya maisha ya wasichana.

Miaka ya karibuni inasimulika kwa ufupi. Mgogoro wa umri wa mshindi wa 2014 ulimeza vichwa vya habari kwa wiki nyingi, mrembo akaliachia taji, na BASATA ikayasimamisha mashindano kwa muda. Mwaka 2018 uandaaji ulikwenda kwa Basila Mwanukuzi, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 1998. Lundenga alifariki dunia Aprili 2021. Warembo wapya wametawazwa, na ratiba ya siku za kwanza imebaki karibu ileile.

Ndiyo maana Makambako inastahili kutajwa. Hapa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Malori hulala, mabasi hushusha na kupakia, upepo hauishi, na kando ya barabara viazi mviringo vimejazwa kwenye magunia hadi lumbesa inamzidi kimo mtoto aliyesimama pembeni. Kilomita kama 60 kusini ndiyo Njombe mjini, katikati ya chai, misitu ya mbao na mashamba ya parachichi yanayoongezeka kila mwaka.

Katikati ya neema hiyo, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula kipo, kinachokosekana ni mchanganyiko wa mlo na muda wa mama anayeshinda shambani. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 nao ulikuta maambukizi kwa watu wazima mkoani humo ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Haya ni mambo mawili yanayohitaji hasa kile alicho nacho mrembo katika wiki zake za kwanza: kusikilizwa na vijana, kuvuta kamera, na kukaa na kinamama bila kuonekana kama mkaguzi.

Katoni ya sabuni haitoshi hapa. Inahitajika wiki nzima, si saa moja: siku ya kliniki ya watoto, mama mmoja mmoja akieleza amempikia nini mwanawe jana, jioni ya stendi na wasichana wanaouza vyakula kwa madereva, pamoja na mhudumu wa upimaji wa VVU, na darasa la kidato cha tatu ambalo maswali yake hayakuandikwa na mwalimu. Na irudiwe baada ya miezi sita, taji likiwa bado kichwani, ili ionekane kipi kimebadilika. Halmashauri za miji ya Njombe na Makambako zina maofisa lishe, maofisa maendeleo ya jamii na vituo vya afya vya kuanzia. Waandaaji na BASATA wana ratiba mkononi, na mradi wa Miss World lazima uandikwe kila msimu. Barua ya mwaliko inaweza kutoka Njombe hata kabla mshindi ajaye hajajulikana.