GL-5 Si Bosi wa GL-4

Wasee wa gari za manuali, leo ni zamu yenu. Wa otomatiki kaeni nyuma msikilize tu.

Kuna uongo mmoja unauzwa pamoja na mikebe ya oili kila siku. Unaingia Kirinyaga Road kutafuta oili ya giaboksi ya kagari kako. Kitabu cha gari kinasema GL-4. Jamaa wa duka anakuambia GL-4 imeisha, chukua GL-5, hiyo ndiyo mpya, kwani tano si kubwa kuliko nne? Unalipa. Baada ya muda gia ya pili inaanza kulia ukiiingiza, kisha ya tatu, na mwishowe fundi anasema giaboksi ishuke. Hapo ndipo doh ya rent inapoenda. Na kama gari ndiyo kazi yako, kila siku inayolala juu ya mawe ni siku hujaingiza kitu.

Tano si kubwa kuliko nne. Hizo namba si vyeo, ni kazi mbili tofauti, na ukitaka kuelewa zilitoka wapi lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1891 huko Ufaransa, Émile Levassor aliweka kwa gari mtindo wa gia za kusukumwa: gurudumu la meno linateleza kwa shafti mpaka liingie kwa lingine. Mwanzoni hata boksi haikuwa, meno yalikuwa wazi, yanakula vumbi na matope. Zama hizo mtu alipaka mafuta ya wanyama ama grisi yoyote nzito na maisha yakaendelea. Hata Ford Model A, iliyotoka mwisho wa 1927, giaboksi yake ilijazwa oili iliyoitwa 600W, aina iliyotengenezewa silinda za injini za mvuke. Nzito kama uji wa wimbi. Hakuna aliyejali, kwa sababu mle ndani ni chuma kwa chuma. Dereva ndiye alikuwa na kazi: akanyage klachi mara mbili, asikilize injini, akibahatisha vibaya gia zinapiga kelele mtaa mzima unajua.

Halafu mambo mawili yakatokea karibu wakati mmoja, na ndiyo yametuletea shida ya leo.

La kwanza ni Packard, katikati ya miaka ya 1920. Walianza kutumia gia za haipoidi kwa difu ya nyuma. Kwa mtindo huu ile shafti inayotoka mbele haigongi katikati ya gurudumu kubwa, inaingia chini yake. Faida yake ni kuwa gari lote linaweza kushushwa, likakaa chini, likapendeza. Hasara ni kuwa yale meno hayaviringiki tu, yanasuguana kwa kuteleza, chini ya presha ya ajabu. Oili ya kawaida inafinywa mpaka inatoka, chuma kinagusa chuma, difu inajichoma. Wanakemia wakaja na dawa: wakaweka salfa, na wakati mwingine sabuni ya madini ya risasi, ndani ya oili. Meno yakipata moto, salfa inashikana na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba juu yake. Ngozi hiyo ndiyo inachubuka badala ya jino.

Hapa niseme kitu ambacho wengi hawajui. Moja ya dawa hizo ilikuwa mafuta ya nyangumi yaliyochanganywa na salfa. Nyangumi wa baharini waliwindwa, na sehemu ya mafuta yao ikaishia ndani ya magari, kwa difu na kwa giaboksi za otomatiki. Marekani ilipowaweka nyangumi hao kwa orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970, kampuni za oili zikalazimika kutafuta mbadala wa maabara.

La pili ni Cadillac, mwaka 1928. Walitoa giaboksi yenye sinkro, kazi ya injinia Earl Thompson. Wazo ni rahisi na ni la kijanja. Kabla gia iingie, pete ndogo inaikumbatia na kuisugua mpaka mwendo wao unakuwa sawa, ndipo inaingia kimya. Hakuna tena klachi mara mbili. Kwa miaka mingi pete hizo zimetengenezwa kwa shaba ile ya manjano.

Sasa unganisha hizo mbili. Difu inataka oili yenye salfa nyingi na utelezi mwingi. Pete ya sinkro inafanya kazi kwa kushika, si kuteleza, na salfa kali ndiyo adui ya shaba. API ya Marekani ilipopanga madaraja ya GL, GL-5 ikawa ya kazi nzito ya haipoidi, na dawa yake ni kama mara mbili ya GL-4. Ukiimwaga kwa giaboksi ya sinkro, pete inashindwa kushika, gia inalia, na kama salfa ni ile kali, shaba inaliwa polepole. Siku hizi kuna GL-5 ambazo salfa yake imetulizwa isile shaba, hilo nakubali. Lakini utelezi bado uko palepale.

Na gari ndogo kwa nini haihitaji ukali wote huo? Rudi 1959, Uingereza. Mafuta yalikuwa yameadimika baada ya vita vya Suez vya 1956, na Alec Issigonis akachora Mini: injini imelala kingo kwa kingo, giaboksi iko kwa sampu ya injini, zote zinakunywa oili moja. Mpangilio wa kushiriki oili haukuenea sana, lakini injini ya kulala ikashinda dunia. Kwa gari nyingi za mtindo huo, difu iko ndani ya giaboksi na meno yake ni ya kawaida ya mshazari, si haipoidi. Ndiyo maana GL-4 inatosha. Honda kwa miaka waliruhusu hata oili ya injini ya 10W-30 kwa giaboksi zao za manuali.

Lakini msinitoe nje mkipiga kelele kwamba GL-5 ni sumu. Watu wa Subaru, nyinyi difu yenu ya mbele ni ya haipoidi na iko ndani ya boksi moja na gia, kwa hivyo kitabu chenu kinasema GL-5, na kiko sawa. Toyota kadhaa ndogo zinakubali zote mbili. Kitabu kwanza, muuzaji baadaye.

Uzito nao unawachanganya watu. 75W-90 si nzito mara tatu ya oili ya injini ya 30, ni vipimo viwili tofauti. Ile 90 ya gia iko karibu na 40 ama 50 ya injini. Kama unaishi Limuru na asubuhi gia inakataa kuingia mpaka gari ipate moto, 75W itaingia kwa urahisi kuliko 80W.

Na ukifika chini ya gari, fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikiwa ya juu imeshika kutu na ushamwaga oili yote, hiyo gari haitoki hapo.