Moyo ukielemewa, anza na mambo madogo

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Ukuta hujengwa upya. Hofu huchelewa kutoka. Ndivyo ilivyo pia baada ya msiba, au migomba ikishambuliwa na mnyauko.

Msikilizaji, siku ngumu anza na mwili. Oga. Kula hata kidogo. Tembea hadi shambani asubuhi, ulale saa ileile kila usiku. Rubisi huleta usingizi, lakini usiku wa manane utaamka na huzuni iko palepale. Mweleze mtu mmoja unayemwamini.

Hali ikizidi wiki mbili, nenda zahanati. Ukiwaza kujiua, usibaki peke yako. Nenda siku hiyohiyo, usindikizwe.