Rupia ya Mjerumani: ikague kabla hujaiuza

Wadau, huku Berega bado naona wazee wanauza rupia za Mjerumani kwa bei ya kutupa. Kabla hujauza, zingatia haya:

1. Pima. Rupia moja ina gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Ikinaswa na sumaku, feki.

2. Soma mwaka. Za 1890–1902 ni za Kampuni, zina simba. Za 1904–1914 ni za serikali. Rupia mbili za 1893 na 1894 ni adimu.

3. Kagua tai wa kwenye kofia ya Kaiser Wilhelm II na masharubu yake. Yakiwa yamelika, daraja linashuka.

4. Usiisugue kwa jivu wala stilwaya! Iking'aa hivyo, mkusanyaji anaikataa.

Za kawaida zilizochakaa ndizo nafuu kuanzia. Mnunuzi akitaja uzito tu, jua unaliwa. Nawasilisha.